Matembezi ya Freddie Mercury Mji Mkongwe: nyumba zipungue, ukweli uzidi

Ndugu Mhariri,

Assalam aleikum. Tunaomba nafasi katika safu yako ya barua tuzungumzie kazi inayowapa riziki vijana wengi hapa Unguja, nayo ni kuwatembeza wageni pahala alipozaliwa na kukulia Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen ya Uingereza. Tangu ile filamu ya maisha yake ilipotoka mwaka 2018, na makumbusho yake kufunguliwa Shangani tarehe 24 Novemba 2019, wageni wanaouliza habari zake wamekuwa wengi. Wanaowajibu nao wamekuwa wengi, na majibu hayafanani.

Simama Barabara ya Kenyatta uulize nyumba ya Freddie ni ipi. Papasi mmoja, yaani mtembeza wageni wa mitaani, atakupeleka kwenye mlango wenye picha ya msanii. Mwengine atakwambia huyo mwenzake muongo, nyumba yenyewe iko nyuma ya Posta. Wa tatu atakuonesha ghorofa iliyowahi kuwa mkahawa. Mgeni aliyetembea siku mbili na watu wawili tofauti anaondoka na nyumba tatu na imani hamna. Rai yetu ni kwamba matembezi haya yapunguzwe vituo, na kila kituo kinachobaki kisemwe kwa kadiri ya ushahidi wake. Na kwa kuwa matembezi mabaya hayaharibiki kwa uongo tu bali kwa mpangilio pia, tutaeleza tunavyoona yaendeshwe tangu kuanza hadi kumaliza.

Kwanza yaliyo thabiti, maana si mengi. Alizaliwa Mji Mkongwe, hospitali ya serikali, tarehe 5 Septemba 1946, akaitwa Farrokh Bulsara. Baba yake Bomi na mama yake Jer walikuwa Maparsi wa asili ya Gujarat. Bomi alikuwa mshika fedha wa Mahakama Kuu, mtumishi wa serikali ya Waingereza wakati Zanzibar ilipokuwa chini ya himaya yao na Sultani yuko kitini. Mtoto alianza skuli ya misheni iliyosimamiwa na watawa wa Kianglikana. Dada yake Kashmira alizaliwa 1952. Farrokh alipofikia miaka minane hivi alipelekwa India kusoma bweni, Skuli ya St. Peter's, Panchgani, si mbali na Bombay. Huko ndiko alikojifunza piano kwa utaratibu, huko ndiko wenzake walikoanza kumwita Freddie, na huko ndiko alikopiga katika bendi yake ya kwanza, The Hectics. Alirudi Unguja 1963 akaishi na wazazi wake katika ghorofa waliyokuwa nayo. Zanzibar ilipata uhuru tarehe 10 Disemba mwaka huo, Mapinduzi yakafuata tarehe 12 Januari 1964, na mwaka huohuo familia ikahamia Uingereza, Feltham, pembezoni mwa London. Queen ilianza 1970.

Ukiyasoma hayo kwa utulivu unaona jambo ambalo watembezaji wengi hawalisemi, pengine kwa kuhofia bei itashuka: Unguja haina jukwaa la Freddie Mercury. Hakuna klabu aliyopiga hapa na kuacha jina, wala studio. Kilichopo ni utoto wake na miezi michache ya ujana. Basi anayemwambia mgeni "hapa ndipo alipokuwa akiimba" anauza kitu asichokuwa nacho. Vivyo hivyo ule mkahawa mashuhuri wa ufukweni Malindi unaobeba jina lake. Ni pahala pazuri pa kukaa jua likizama, lakini uliitwa hivyo kwa heshima ya jina tu, miaka mingi baada ya yeye kufa. Mgeni akitaka kula samaki pale, ale, ila asiambiwe kwamba anakula alipokulia msanii.

Kwa nini nyumba zimekuwa nyingi? Sababu ya kwanza ni kwamba familia ya mtumishi wa serikali haikuwa lazima imiliki nyumba. Mpangaji haonekani kwenye hati ya nyumba, na nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilikuwa mali ya wakf au za matajiri waliopangisha ghorofa kwa ghorofa. Mpangaji akihama haachi karatasi. Sababu ya pili ni Mapinduzi. Nyumba nyingi zilitaifishwa, wenyewe wakaondoka, wakaingia watu kutoka shamba na Pemba na kwengineko. Mzee anayekaa leo katika nyumba ya Shangani tangu 1966 anaweza kuwa mkweli kabisa, lakini hakuwako 1963 kuwaona akina Bulsara wakipanda ngazi. Kumbukumbu ya mtaa ilikatika hapo, na penye pengo ndipo hadithi inapoota.

Ya tatu ndiyo inayotuuma zaidi, nayo ni kamisheni. Mwenye duka akibandika picha mlangoni na kumpa mtembezaji asilimia fulani ya mauzo, mtembezaji ataiona historia katika mlango huo hata kama haimo. Hatutaji duka wala mtu, kwa sababu mchezo huu hauna mwenyewe mmoja. Dawa yake ni rahisi kusema na ngumu kutenda: katika matembezi ya saa mbili kusiwe na kituo hata kimoja ndani ya duka. Anayetaka vinyago na kanga aelekezwe mwisho, aende mwenyewe.

Sasa njia. Wengi huanza makumbusho, halafu wanazunguka ovyo huku mtembezaji akitafuta la kusema. Tunapendekeza kinyume: kuanza Mnazi Mmoja na kuishia makumbusho, kwa sababu hapo njia inafuata maisha yake kwa mpangilio, kuanzia kuzaliwa, kazi ya baba, skuli, meli, hadi kurudi na kuondoka. Jumla haifiki kilomita 3 na kwa mwendo wa kawaida, pamoja na kusimama, ni saa mbili. Makumbusho yakiwa mwisho, mgeni anaingia akiwa na habari kichwani, anazitambua picha bila kuelezwa upya, na anakaa muda anaoutaka bila kundi zima kumsubiri mlangoni.

Kituo cha kwanza ni nje ya Hospitali ya Mnazi Mmoja, ile iliyowahi kuitwa V. I. Lenin. Nje, tunasisitiza. Hospitali ina wagonjwa na jamaa wanaopeleka chakula; si pahala pa kuingiza watu kumi wenye kamera. Mtembezaji atasema kwamba alizaliwa hospitali ya serikali mjini hapa, aseme tarehe, kisha asogee. Majengo yameongezwa na kubadilishwa sana tangu 1946, kwa hiyo asithubutu kunyoosha kidole kwenye dirisha na kusema "chumba kile". Dakika tano zinatosha. Maelezo marefu kuhusu Maparsi yasubiri kivuli, na kivuli kipo mbele kidogo, Bustani ya Victoria.

Hapo bustanini ndipo pa kukaa na kueleza dini, na hapo ndipo makosa mengi yanapofanyika. Wengi humwita Baniani, wengine humwita Muislamu kwa sababu ya jina Farrokh na kwa sababu ya lile neno la Kiarabu, Bismillah, lililomo katika wimbo wake wa 1975, Bohemian Rhapsody. Hakuwa huyu wala yule. Maparsi ni wafuasi wa Zoroasta ambao wazee wao walitoka Uajemi wakahamia Gujarat karne nyingi zilizopita, na nembo ya ibada yao ni moto. Hata mazishi yake London mwaka 1991 yaliongozwa na makuhani wa dini hiyo. Na kuhusu huo wimbo, mtembezaji anaweza kusema kuwa mtoto aliyekulia Shangani alisikia adhana mara tano kwa siku, hilo si la kubishaniwa. Akivuka kusema neno lile lilitoka msikiti fulani, amekwishatunga.

Kutoka bustanini mpaka Mahakama Kuu ni hatua chache kwa Barabara ya Kaunda. Jengo lenyewe linastahili kuangaliwa: limechorwa na J. H. Sinclair, Muingereza aliyependa matao na makuba ya Kiarabu kuliko Waarabu wenyewe, na ndiye aliyechora pia jumba la makumbusho la Beit el-Amani kule Mnazi Mmoja. Habari ya Bomi Bulsara inahusika hapa kwa kuwa cheo chake kilikuwa cha Mahakama Kuu. Wapo wanaompeleka Beit el-Ajaib, lile Jumba la Maajabu la Forodhani, kwa kuwa ofisi za serikali ya kikoloni zilikuwa humo tangu 1911. Mtembezaji mzuri atasema cheo, ataonesha jengo, na hatachagua chumba. Siku za kazi watu wanaingia na kutoka na kesi zao, kwa hiyo kundi lisimame upande wa pili wa barabara na kamera zisielekezwe mlangoni.

Pahala hapa panafaa pia kueleza ngazi za mji ule wa kikoloni. Umbali mdogo kutoka Mahakama ndipo ilipokuwa klabu ya Waingereza, leo hoteli ya Africa House. Karani wa Kiasia alikaa kati: juu ya Muafrika kwa mshahara, chini ya Muingereza kwa kila kitu. Mgeni akilielewa hilo ataelewa pia kwa nini familia yenye ajira ya serikali ilimpeleka mtoto India badala ya kumbakisha hapa, na kwa nini 1964 ilikwenda Uingereza.

Kutoka Vuga njia inaingia ndani, kuelekea Mkunazini, na vichochoro vinaanza. Hapa ndipo ukubwa wa kundi unapojitokeza. Watu wanane ni wa kutosha, kumi ndio mwisho. Kichochoro ambacho watu wawili wanapishana kwa mabega hakibebi watu ishirini, vespa moja, na hamali mwenye mkokoteni wa saruji. Kundi likizidi, wa nyuma hasikii, wa mbele anaziba njia, na mwenyeji anayetoka msikitini anabaki kusukumana na watu mlangoni kwake. Kanuni tunayoipendekeza ni kwamba mtembezaji asizungumze kichochoroni hata kidogo. Atembee, afike palipo na uwazi, asimame, aseme. Honi ikilia, wote ukutani upande mmoja. Wakigawanyika pande mbili ndipo vespa inapokosa pa kupita. Vipaza sauti vya kubeba mkononi visitumike kabisa. Nyumba za huku zina kuta nene lakini madirisha yako wazi, na mchana kuna mtu amelala.

Na juu ya kusimama: mtu asikae chini ya roshani kutoa hotuba. Kuta za Mji Mkongwe ni mawe ya matumbawe na chokaa, sakafu na dari zinabebwa na boriti za mikoko. Paa likivuja, maji yanaingia kwenye boriti, boriti inaoza pale ilipoingia ukutani, ambapo jicho halifiki. Wengine wakatia plasta ya saruji juu ya chokaa wakidhani wanaimarisha. Saruji haipumui, unyevu unafungika ndani, na plasta inabanduka mabamba kwa mabamba, khasa baada ya masika. Haya si ya kutisha watu. Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya Beit el-Ajaib iliporomoka mchana wakati wa matengenezo na watu wawili wakafa. Mtembezaji aangalie juu kabla ya kuwaambia watu wasimame.

Tukirudi kwenye boriti, zina faida moja kwa msimulizi. Urefu wa mkoko unaofaa kubeba sakafu ni kama mita 3 tu, ndiyo maana vyumba vya nyumba za zamani ni vyembamba na virefu. Mgeni anayetaka kuiona kwa jicho la moyo ghorofa waliyokaa akina Bulsara aoneshwe chumba chochote cha zamani kilicho wazi kwa umma, aambiwe vipimo hivyo. Atapata picha ya kweli zaidi kuliko kupelekwa kwenye mlango wa kubahatisha.

Mkunazini kuna Kanisa Kuu la Kianglikana, lililoanza kujengwa 1873 pale palipokuwa soko la watumwa. Kanisa linaingia katika matembezi haya kwa sababu moja: misheni iliyolijenga ndiyo iliyoleta watawa wa Kianglikana mjini, na mikononi mwa watawa wa madhehebu hayo ndimo Farrokh alimoanzia skuli. Hilo lisemwe nje ya uzio. Tunaomba sana watembezaji wasiingize ziara ya vyumba vya watumwa katikati ya matembezi ya mwanamuziki. Kuna tiketi yake, kuna wasimulizi wake, na kuna uzito wake. Mtu hawezi kutoka kwenye ule mnyororo akaambiwa "haya, sasa twende kwa Queen."

Njia ikitoka Mkunazini inapita Hurumzi na kuteremka Mizingani, baharini. Pahala pa kusimama ni chini ya Mtini, mti mkubwa uliopandwa 1911 wakati wa Sultani Khalifa, kwa kuwa kivuli chake kinabeba kundi zima na bandari ya Malindi inaonekana. Kituo hiki ndicho chenye utajiri kuliko vyote na ndicho kinachorukwa na wengi. Mtoto wa miaka minane aliondoka kwa meli kwenda Bombay. Lakini si yeye wa kwanza kuvuka bahari hiyo akatokea mwanamuziki. Mwaka 1928 Siti binti Saad, mwana wa Fumba, binti wa watu waliokuwa watumwa, alivuka kwenda Bombay hiyohiyo kurekodi santuri, mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kufanya hivyo, na kwa Kiswahili. Alifariki Julai 1950, Farrokh akiwa na miaka mitatu. Mji mmoja, bahari moja, Bombay moja. Hakuna haja ya kudai walikutana. Kuwataja pamoja kunatosha kumfumbua mgeni macho kwamba aliyefika hapa kwa ajili ya mtu mmoja yuko katika mji wa wanamuziki.

Mgeni atauliza, basi muziki wa hapa uko wapi leo? Hapo mtembezaji awe na jibu la mkononi. Ikhwani Safaa, kikundi cha taarab, ipo tangu 1905. Mila na Utamaduni, kikundi chengine cha taarab, wana maskani yao Vuga, njiani palepale tulipopita. Mazoezi huwa jioni, lakini hakuna kuingia hivi hivi. Kiongozi wa kikundi aombwe mapema siku hiyohiyo, idadi itajwe, na wageni wakae kimya nyuma bila kurekodi. Mwenye bahati atasikia kanuni, udi, fidla na akodiani zikipatanishwa sauti, jambo ambalo kwa masikio yetu lina ladha kuliko baadhi ya maonesho yenyewe. Bi Kidude, mwimbaji wa taarab aliyefariki tarehe 17 Aprili 2013, naye atajwe, na isemwe wazi kwamba dunia yake ilikuwa Ng'ambo, upande wa pili wa barabara ambapo zamani palikuwa na mkondo wa maji. Matembezi haya hayafiki huko kwa miguu. Anayetaka apangiwe siku nyingine.

Kutoka Mtini mpaka Forodhani ni pembeni mwa bahari tu. Beit el-Ajaib iangaliwe kutoka bustanini, nyuma ya uzio wa ujenzi, si kwa kuchungulia. Halafu chini ya lile jengo la watoto yatima ambapo barabara inapita kama handaki, na mara umetokea Shangani. Hapo inafaa kusimuliwa 1963 na 1964, na isimuliwe kwa tarehe, si kwa hasira. Kila mtembezaji ana msimamo wa nyumbani kwao juu ya Mapinduzi, na kila mgeni amesoma kitu. Tarehe tatu zinatosha: uhuru, Mapinduzi, Muungano wa tarehe 26 Aprili 1964. Familia ya kijana wa miaka 17 ikaondoka katika mwaka huo.

Kisha Barabara ya Kenyatta. Kwa nyumba zinazodaiwa, tunapendekeza watembezaji wote watumie maneno ya aina tatu tu. La kwanza, "imeandikwa", kwa lile lenye cheti, orodha ya watumishi au kauli ya familia iliyochapishwa. La pili, "inasemwa na wenye jengo", kwa dai ambalo mwenye pahala analitoa mwenyewe. Makumbusho yanaingia hapa pia, nayo yaelezwe kwa haki kwamba yanasema familia iliishi katika jengo hilo. La tatu, "hadithi ya mtaani". Mgeni hapungukiwi na kitu akisikia neno la tatu. Wengi wanalifurahia, maana hadithi ya mtaani ni utalii pia, mradi isivae koti la historia.

Wenye mamlaka ya Mji Mkongwe wanaweza kusaidia kwa jambo dogo lisilogharimu sana: vibao vyenye maneno ya namna moja. London wana kipimo kizuri. Alama za buluu za kule hazitolewi mpaka mtu awe amefariki miaka 20 iliyopita, na jengo liwe bado liko katika hali ambayo yeye mwenyewe angelitambua. Nyumba ya Gladstone Avenue, Feltham, walikohamia akina Bulsara, ilipata alama yake Septemba 2016, na maandishi yake ni mafupi: jina, miaka, kazi, na kwamba aliishi hapo. Sisi tunaongeza mstari mmoja unaosema dai limetokana na nini. Kazi ya kutafuta inaanzia Nyaraka za Taifa, Kilimani, kwenye orodha za watumishi wa serikali ya wakati ule na barua za makazi yao, halafu kumbukumbu za wakf. Mtafiti mmoja makini akipewa kibali na miezi kadhaa atatupa jibu bora kuliko mabishano yetu ya barazani.

Yapo mengine ya kiutendaji, tutayapitia haraka. Saa ya kuanza ni saa 2 asubuhi, au saa 10 na robo alasiri baada ya watu kutoka kusali. Ya katikati ni jua tupu. Anayeanza alasiri ahakikishe makumbusho hayatakuwa yamefungwa atakapofika, la sivyo yatembelewe kesho yake. Ijumaa mchana msitembee. Ramadhani inawezekana asubuhi, lakini chupa za maji zinywewe ndani, si njiani. Masika, Machi hadi Mei, kila matembezi yawe na njia ya pili, kwa sababu baadhi ya vichochoro hugeuka mifereji na jiwe lililozoea kukanyagwa linateleza kama sabuni. Viatu bapa vyenye meno, si ndara. Mabega na magoti yafunikwe, na hilo liandikwe kwenye ujumbe wa kuthibitisha safari, kwa kuwa kumwambia mtu njiani kunamuaibisha na ameshachelewa. Picha za watu ni kwa ruhusa, za watoto zisipigwe. Bei itajwe kabla ya hatua ya kwanza, na isemwe kama tiketi ya makumbusho imo au haimo. Ugomvi mwingi tunaousikia mwisho wa njia umeanzia kwenye neno hilo moja ambalo halikusemwa.

Kuna maswali ambayo mtembezaji hawezi kuyakwepa, ya maradhi na ya maisha ya faragha ya msanii. Jibu liwe fupi na la kweli: tarehe 23 Novemba 1991 alitangaza kuwa ana UKIMWI, akafa kesho yake, ana miaka 45. Asidanganye, wala asihubiri, wala asicheke. Mgeni akitaka kuendelea, mazungumzo yahamie mezani penye chai, si mbele ya baraza la mtu ambapo wazee wamekaa na watoto wanasikiliza. Tunakumbuka kwamba mwaka 2006 sherehe ya miaka 60 ya kuzaliwa kwake iliyopangwa hapa ilipingwa na jumuiya ya Kiislamu, ikafutwa. Mji huu una watu wanaomuonea fahari na watu wasiotaka kumsikia, na wote wanakaa mtaa mmoja. Mtembezaji anafanya kazi kati yao na kesho atapita tena.

Mwisho, tarehe 5 Septemba na 24 Novemba wageni huja kwa makundi na Barabara ya Kenyatta hujaa. Tunawaomba wenzetu waelewane siku moja kabla: makundi yapishane kwa nusu saa, nusu yaanzie Mnazi Mmoja na nusu Mizingani, na kusiwe na makundi zaidi ya mawili mbele ya makumbusho kwa wakati mmoja. Magari ya kuwapokea yasubiri Mnazi Mmoja au Malindi. Barabara ile ni nyembamba na basi dogo likisimama dakika kumi tu, hakuna anayepita.

Wenu,
Watembeza wageni, Mji Mkongwe,
Unguja